Kabla ya Kushika Usukani wa Resi: Mwongozo kwa Kijana wa Unguja na Pemba

Kijana wa mwisho kuja na suala hili alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kutoka Fuoni. Aliingia gerejini kwetu Mwanakwerekwe wakati wa alasiri, akanipa shikamoo, akangoja mpaka nikamaliza kufunga rejeta, kisha akanionesha kwenye simu magari karibu 40 yakizunguka uwanja wa mviringo, yamegandana kama nyuki. "Fundi, mimi nataka kuendesha haya. Naanzia wapi?" Nilimwambia arudi kesho yake baada ya skuli, kwa sababu jawabu ni refu. Nimeliandika hapa kwa ajili yake na kwa wengine wa Unguja na Pemba wenye nia kama yake, na pia kwa wazazi wao, ambao mara nyingi hukataa kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kazi yenyewe ikoje.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kushika spana. Hatuna uwanja wa mviringo wa resi hapa visiwani, lakini miaka miwili ya mwanzo ya kazi hii haihitaji uwanja. Inahitaji gereji, daftari, mwili uliozoea joto, na subira ya kuendesha sawasawa kabla ya kuendesha mbio. Kijana anayesafiri bila ya hivyo vinne atatumia fedha za wazazi wake kwenda kujifunza ugenini mambo ambayo angejifunza bure nyumbani.

Kazi unayoitaka ni ipi khasa

Magari yale kwenye simu ni ya NASCAR, chama cha Marekani kilichoundwa Daytona Beach, Florida, mwezi wa Februari 1948. Daraja lake la juu lilianza kwa kushindanisha gari kama linavyotoka dukani, lile lile ambalo jirani yako angeweza kulinunua. Resi ya kwanza ya daraja hilo ilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Glenn Dunaway alivuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, lakini wakaguzi walipolifungua gari lake wakakuta springi za nyuma zimebadilishwa, wakamnyang'anya ushindi na kumpa Jim Roper wa Kansas, aliyekuja na gari la Lincoln. Ninakisimulia kisa hiki kwa kila kijana kwa sababu tangu siku ile ya kwanza dereva alihesabiwa pamoja na gari lake, na asiyejua kilichomo chini ya bodi anaweza kushinda saa mbili nzima kisha akapoteza yote katika dakika kumi za ukaguzi.

Leo magari hayo hayatoki dukani tena. Ni vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya resi tu, vikavikwa sura ya gari la kawaida. Dereva hukaa upande wa kushoto, mlango haufunguki, naye huingia na kutoka kupitia dirishani, kisha dirisha hufungwa kwa wavu. Resi nyingi huzunguka kwa kukata kona za kushoto tu. Viwanja vyenyewe hutofautiana sana: ule wa Martinsville, Virginia, una urefu wa mita 850 hivi, yaani kama mizunguko miwili ya njia ya wanariadha, na ule wa Daytona una kilomita 4, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 31, kiasi kwamba mtu wa miguu hupanda kama anayekwea paa la bati. Dereva mzuri wa Daytona anaweza kuhangaika Martinsville, na kinyume chake.

Ngazi za kupanda ni hizi. Mtoto huanza na gokati au vijigari vidogo vya resi. Baadaye huenda kwenye viwanja vya mitaani vya Marekani, ambako kila mwisho wa wiki hushindana na mafundi, wakulima na wenye maduka. Akionekana, huingia mashindano ya ARCA, ngazi iliyo chini ya madaraja matatu ya kitaifa ya NASCAR, kisha daraja la malori madogo ya pikapu, kisha daraja la pili la kitaifa, na mwisho daraja la juu kabisa, Cup. Kwenye pikapu, mwenye miaka 16 huruhusiwa viwanja vifupi na vile vya kona za pande zote mbili tu, na viwanja vikubwa vya mviringo husubiri mpaka atimize 18. Kwa hivyo ukisikia kwamba fulani alianza gokati akiwa na miaka 9, kama Bubba Wallace wa Alabama, usikate tamaa, lakini pia usidanganyike kwamba muda haukimbii.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa vijana wetu ni wa William Byron. Alizaliwa Charlotte mwaka 1997, katika familia isiyokuwa ya resi, na hakukaa ndani ya gari la mashindano mpaka alipokaribia miaka 15. Kabla ya hapo alikuwa akishindana kwenye kompyuta kupitia mchezo wa iRacing, akashinda resi zaidi ya 100 chumbani kwake. Mwaka 2013 akashindana kwa kijigari cha kweli, mwaka 2015 akatwaa ubingwa wa mashindano ya kanda ya mashariki, mwaka 2016 akashinda resi 7 za pikapu, mwaka 2017 akawa bingwa wa daraja la pili, na mwaka 2018 akaingia Cup. Ameshinda Daytona 500, resi kubwa kuliko zote za NASCAR, mwaka 2024 na tena 2025. Ni kweli kwamba alizaliwa katika mji wenyewe wa resi, na mlango wa timu ulikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwao. Hilo sisi hatunalo. Lakini sehemu ya mwanzo, ya chumbani na kompyuta, inawezekana Chake Chake kama ilivyowezekana Charlotte.

Gereji kwanza

Joginder Singh wa Kenya alianza kama fundi. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha tumika, akaja kushinda tena 1974 na 1976. Wendell Scott wa Danville, Virginia, alikuwa dereva wa teksi na fundi wa jeshi kabla ya kuwa dereva wa resi, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya mashindano alilitengeneza gari lake mwenyewe akisaidiwa na wanawe. Tarehe 1 Disemba 1963, mjini Jacksonville, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda resi ya daraja la juu la NASCAR. Siku hiyo ushindi alitangaziwa mwengine, na waandaaji walipokiri kwamba Scott ndiye aliyetangulia, watazamaji walikuwa wameshaondoka. Familia yake ilikabidhiwa kombe la resi ile Agosti 2021, wakati yeye alikuwa ameshafariki miaka mingi. Ilipita miaka 50 mpaka Bubba Wallace aliposhinda resi ya pikapu Martinsville mwaka 2013, na mtu mweusi akasimama tena kileleni mwa mashindano ya kitaifa.

Tafuta gereji iliyo karibu na kwenu, mwende mwenye gereji kwa adabu, na umuombe ukae naye siku mbili kwa wiki. Usiombe mshahara. Omba ufundishwe breki, springi na shokomzoba, beringi za magurudumu na mipira, kwa kufuatana hivyo. Injini iache mpaka mwisho, ingawa kila kijana huanza kuulizia injini. Kwenye resi za mviringo magari yana nguvu zinazokaribiana sana, na anayeshinda ni yule ambaye gari lake linashika njia.

Somo la kwanza ninalompa kijana ni la upepo wa mipira. Asubuhi, kabla gari halijatembea, achukue geji, apime mipira yote minne na kuandika kwenye daftari: tarehe, saa, mpira upi, paundi ngapi, jua au mvua. Mwanafunzi yule wa Fuoni alipima Noah ya mteja akakuta kila mpira una paundi 32. Tukaenda nayo Paje kuchukua vifaa, kwa mwendo wa kawaida, tukarudi mchana na jua likiwa la utosi. Alipopima tena, mipira ya mbele ilikuwa imefika 36 na ya nyuma 35. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Fundi, nani kaongeza upepo?" Hakuna aliyeongeza. Mpira unapokunjika na kusuguana na lami hupata moto, hewa iliyomo hutanuka, na shinikizo hupanda. Nilimwambia akaupapase kwa kiganja, na akagundua mwenyewe kwamba ukingo mmoja una moto kuliko mwengine, kwa sababu magurudumu ya gari lile yalikuwa hayakukaa sawa.

Hilo jambo dogo ni nusu ya elimu ya resi za mviringo. Gari linapokata kona ya kushoto, uzito mwingi huegemea kulia, kwa hivyo mipira ya kulia hubeba mzigo mkubwa zaidi, na ule wa mbele ndio unaoteseka kuliko yote. Mafundi huijaza mipira ya kushoto upepo mchache kuliko ya kulia, na paundi moja tu inaweza kuibadilisha tabia ya gari. Tabia zenyewe ni mbili za kuzikumbuka. Ya kwanza ni gari linalokataa kona: unakata usukani, nalo linaendelea kwenda ukutani. Ya pili ni gari linalotupa mkia: nyuma inakimbia na kutaka kutangulia mbele. Dereva anapoingia kwa mafundi kubadilishiwa mipira, fundi wake hawezi kufanya lolote mpaka aambiwe ni tabia ipi, imeanza wakati wa kuingia kona, katikati au wakati wa kutoka, na imeanza mzunguko wa ngapi. Akiambiwa, hupitisha spana ndefu kwenye tundu lililopo kioo cha nyuma, akaikaza au kuilegeza springi kwa nusu mzunguko, na gari likarudi na tabia nyengine. Dereva anayesema tu "gari baya" hana faida kwa timu, hata kama ana moyo wa simba.

Kwa hivyo zoea kusema. Kila ukipanda gari, hata chai maharage ya kwenda shamba, fumba macho kwa dakika moja na ujiulize: breki zinavuta upande gani? Kuna beringi inayolia, na inalia gari likiegemea kulia au kushoto? Ukifika, andika. Usidharau daftari. Baada ya mwaka mmoja litakuwa na thamani kuliko picha zote ulizopiga umesimama mbele ya magari ya watu.

Barabara ni ya kujifunza ulaini tu

Leseni ya gari utaipata ukitimiza miaka 18, na usiishike kabla ya haki yake. Nasema hili kwa uzito. Vijana wamezoea usiku kutafuta barabara mpya zilizonyooka wakapimana mwendo, na nimewahi kuitwa saa saba za usiku kwenda kuvuta gari ambalo sitalieleza lilivyokuwa. Barabara ya umma ina mtoto anayetoka darsani, baiskeli isiyokuwa na taa, ng'ombe aliyekatika kamba. Isitoshe, haifundishi chochote kuhusu resi: kukanyaga eksileta kwenye njia iliyonyooka anaweza kila mtu. Na dereva mwenye rekodi ya polisi huanza kukataliwa na wafadhili kabla hajaanza kuomba.

Barabara itumie kujifunza ulaini. Mpakie mama yako na trei mbili za mayai kutoka sokoni Darajani mpaka nyumbani, na ukifika muulize kama kuna mahali alijishika. Breki inayokanyagwa kwa ghafla huutupa uzito mbele na kuipokonya mipira ya nyuma mshiko wake. Usukani unaokatwa kwa pupa huuchosha mpira wa mbele kabla ya kati ya kona. Mguu unaowafikisha mama na mayai salama ndio utakaoihifadhi mipira kwa mizunguko 60 bila ya kuibadilisha, na mwendo utakuja juu ya msingi huo.

Simyuleta, na namna ya kuitumia bila ya kuigeuza mchezo

Simyuleta ni mchezo wa kompyuta unaoiga uendeshaji wa kweli, kama ule iRacing wa Byron. Utahitaji kompyuta yenye nguvu ya kutosha, usukani wa kuchezea wenye pedali zake, na intaneti. Ni gharama kwa familia nyingi, na ushauri wangu ni kwamba vijana watatu au wanne wachange, waweke vifaa nyumba moja yenye mzazi anayekubali, na wagawane saa. Nunueni pia betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya resi unahesabiwa umejitoa.

Chagua gari la daraja la chini na uwanja mfupi. Kama simyuleta yako inakuruhusu, weka kijiti cha gia mkono wa kulia na kiti cha dereva kushoto, ili ubongo uzoee, kwa kuwa sisi tumekulia katika magari ya usukani wa kulia na mkono wetu wa gia ni wa kushoto. Wiki za mwanzo inaonekana jambo dogo, lakini atakayesubiri kulijifunza siku ya kwanza ndani ya gari la kweli atajikuta anapapasa mlango akitafuta gia.

Mwezi mzima wa kwanza usishindane na mtu. Endesha peke yako mizunguko 50 mfululizo na uandike muda wa kila mzunguko. Mzunguko wako wa haraka kuliko yote usiujali. Tazama tofauti iliyopo kati ya wa haraka na wa taratibu, ukiondoa miwili ya mwanzo. Tofauti ikiwa sekunde moja, bado. Ikishuka mpaka sehemu mbili za kumi ya sekunde, na gari halijagusa ukuta hata mara moja, basi ingia kwenye resi za mtandaoni, anza nyuma ya wote, na ujiwekee lengo la kumaliza bila ya kugusana. Wengi hawawezi subira hii, na hapo ndipo wanapoachwa.

Utakapofika viwanja vikubwa utajifunza jambo litakalowashangaza watu wa pwani. Kwenye resi za ngalawa, anayezibiwa upepo na mwenzake hupoteza, tanga linanywea na chombo kinasimama. Kwenye magari ni kinyume: gari la mbele hupasua hewa, la nyuma hukuta njia nyepesi, na yote mawili yakifuatana kwa karibu huenda haraka kuliko kila moja peke yake. Kwa hivyo Daytona na Talladega, uwanja mwengine mkubwa, dereva hushinda kwa kuchagua wa kufuatana naye, na kwa kujua lini amwache. Mwanzoni usitoke kwenye mstari peke yako ukidhani una nguvu. Magari 10 yatakupita kwa mzunguko mmoja.

Mwili

Ndani ya gari hilo joto linaweza kupita nyuzi 50, na resi za daraja la juu huchukua karibu saa tatu au zaidi. Dereva amevaa nguo nzito za kuzuia moto, soksi, glavu na kofia ngumu. Hapa kijana wa Zanzibar ana mtaji, kwa sababu amezaliwa katika joto na unyevunyevu, lakini mtaji usiotumiwa hupotea kwa kukaa mbele ya feni. Kimbia alasiri mara tatu kwa wiki, ogelea, na uimarishe shingo: lala chali, inua kichwa kidogo kutoka sakafuni, hesabu mpaka 30, pumzika, rudia, kisha fanya hivyo hivyo ukilalia upande. Shingo ndiyo inayochoka kwanza kwenye kona za upande mmoja tu. Mwezi wa Ramadhani hamishia mazoezi baada ya tarawehe na unywe maji ya kutosha mpaka daku. Usijaribu kuthibitisha ushujaa mchana wa saumu.

Kuna chombo kimoja nakuomba usikubali kuendesha resi ya aina yoyote ile ya mwendo mkubwa bila yake. Ni kola ngumu inayovaliwa mabegani na kufungwa kwenye kofia kwa kamba mbili, ili gari likigonga ukuta kichwa kisitupwe mbele na kuivunja shingo. Dale Earnhardt, bingwa mara 7, alifariki tarehe 18 Februari 2001 katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, naye hakuwa ameivaa. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, NASCAR ikailazimisha kwa madereva wote. Mzazi anayesoma hapa ana haki ya kuuliza suala hili mwanzo kabisa, na mwenye kiwanja asiyeweza kulijibu asipewe mtoto.

Kuvuka bahari

Baada ya mwaka au miaka miwili ya hayo yote, panda boti. Jiandikishe kwanza na Chama cha Magari Tanzania, kinachojulikana kwa herufi AAT, ambacho ndicho kiungo chetu na shirikisho la kimataifa la FIA, na uulize taratibu za leseni ya mashindano. Hiyo ni leseni nyengine kabisa, haihusiani na ya barabarani.

Tanzania Bara resi zetu kubwa ni rali, za vumbi na matope, na mtu anaweza kusema zina uhusiano gani na viwanja vya mviringo. Uhusiano upo. Jimmie Johnson, bingwa wa Cup mara 7, alikulia kwenye pikipiki na magari ya jangwani kabla ya kuja kwenye lami. Udongo hufundisha kulikamata gari linalotupa mkia, na anayelikamata bila ya kutaharuki ameshapata kitu ambacho simyuleta haiwezi kumpa. Tena Tanzania ina historia yake: Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404.

Usianze kwa kutafuta gari. Anza kwa kujitolea kama msimamizi wa njia, mwenye bendera na saa ya kupimia, kwa sababu timu zinakosa watu wa kazi hiyo na ukiwa pale utaona kila dereva anavyoikabili kona moja. Kisha omba nafasi ya msoma ramani. Anakaa ndani ya gari lile lile la mwendo ule ule, anajifunza kila kitu, na gharama zake ni sehemu ndogo tu ya gharama za dereva. Ukipata nauli ya Nairobi, tafuta huko kiwanja cha gokati ukodi kwa siku mbili. Ukipata ya Afrika Kusini, huko kuna viwanja vya mviringo vya udongo vyenye resi za kila mwezi, na ndiko katika bara letu utakapokuta kitu kilicho karibu zaidi na unachokitafuta.

Fedha, na watu wa kujihadhari nao

Msimu mmoja wa pikapu Marekani hugharimu timu mamilioni ya dola, kwa hivyo dereva chipukizi ni mfanyabiashara apende asipende. Daniel Suárez wa Monterrey, Meksiko, ambaye baba yake alikuwa na gereji ya kufufua magari ya zamani, alifika Marekani akijua Kiingereza kidogo sana, akakijifunza kwa kutazama katuni za watoto. Mwaka 2016 akawa bingwa wa daraja la pili, na Juni 2022 akashinda resi ya Cup uwanja wa Sonoma. Anza Kiingereza leo, na khasa Kiingereza cha kusema na fundi kupitia redio: maneno machache, yaliyo wazi, yasiyorudiwa.

Kwa wafadhili wa hapa nyumbani, peleka barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, umefanya nini kwa tarehe, unaomba kiasi gani kwa kazi gani, na jina la duka lake litaonekana wapi. Ambatisha kurasa mbili za daftari lako. Omba kidogo, nauli ya boti na malazi ya siku mbili, na ukirudi mpelekee risiti na picha kabla hajakuuliza. Mfanyabiashara wa Mlandege aliyerejeshewa risiti mara moja hatahitaji barua ya pili.

Mwaka 2009 niliuza Vespa yangu nikampa fedha wakala mmoja aliyesema anapeleka vijana kwenye chuo cha resi Ulaya. Alikuwa na karatasi zenye mihuri na kauli tamu. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua, lakini hamu iliniziba masikio. Sikupata safari wala fedha. Kwa hivyo yeyote anayekutaka ulipe kabla hujaonwa ukiendesha, achana naye. Mpango wa NASCAR wa kukuza vipaji, ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya jamii zisizokuwa na uwakilishi na kuwapitisha akina Wallace na Suárez, ulikuwa ukiwajaribu vijana uwanjani na kuchagua kwa walichokionesha.

Na kama kiti cha dereva hakikupatikana, mlango wa mafundi wa uwanjani uko wazi kwa wenye mwili mwepesi na mikono ya haraka, wake kwa waume. Brehanna Daniels alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni, hakuwa amekulia kwenye resi, na mwaka 2018 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kubadilisha mipira katika resi ya Cup. Kazi yao yote, mipira minne na mafuta, huhesabiwa kwa sekunde.

Mzazi anayekubali afanye mambo matatu mwezi huu: amtengenezee mtoto pasipoti, kwa sababu huchukua muda na nafasi za safari huja ghafla; aandike ridhaa yake na kuiweka sahihi, kwani kila kiwanja humdai hivyo aliye chini ya miaka 18; na aende naye mwenyewe gerejini siku ya kwanza akaonane na fundi. Mama wa yule wa Fuoni alikuja Jumamosi iliyopita. Aliuliza habari za kola ya shingo kabla hajakaa, akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwambia mwanawe kwamba saba zake haziwezi kutofautishwa na moja, na aziandike upya.